Siku Tatu za Kugombana na Bi Subiri

Wiki iliyopita niliishia pale mwanamke aliposema "Halo" ndani ya simu ya mchumba wangu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya meno. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kupokea simu. Mume wangu wa kwanza aliondoka na seti nzima ya makochi akaniachia mito. Mito hiyo nikaitunza mwaka mzima, nikidhani atarudi kuifuata. Baada ya hapo nikaapa kwamba hakuna mwanamume atakayenifanya mjinga tena.

Ndipo akaja Mpima Ardhi. Mgane mpole, mtu wa kupima viwanja vya watu, aliyekuja kung'olewa jino kisha akarudi mara nne bila jino lolote kumuuma. Mara ya tano akaja na pete.

Wiki tisa zilizopita aliniaga. Anakwenda ng'ambo kusomea upimaji wa kisasa, miezi sita tu. "Nikipata laini ya huko nitakutafuta," alisema. Baada ya siku tatu dada yake akaniletea salamu kwamba amefika salama. Kisha kimya.

Mpaka Jumatatu ile, saa nne asubuhi, simu yangu ilipolia mara moja ikakatika. Namba ilikuwa ndefu, yenye alama ya kujumlisha mwanzoni na tarakimu nisizozijua.

Sasa nani asiyejua bipu? Mtu akikubipu anakuambia: nipo, sina salio, nipigie. Nusu ya mapenzi yangu ya ujanani yaliendeshwa kwa bipu. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikapiga.

"Halo," yule mwanamke akasema.

"Halo. Naomba kuongea na mwenye simu."

"Halo?" akasema tena, halafu kwa Kiingereza cha puani akaniambia hanisikii vizuri, nisubiri kidogo.

Nikasubiri. Nikasikia viatu vya kisigino vikigonga sakafu. Mlango ukafunguliwa. Maji yakamiminika mahali fulani. Kwa mbali, mwanamume akakohoa.

Kile kikohozi nilikitambua. Ungenipeleka mahakamani ningeapa. Kilikuwa cha Mpima Ardhi.

Hapo salio likaisha.

Nilikuwa nimeweka vocha ya wiki nzima asubuhi ile ile, na nilikuwa nimeongea dakika moja na nusu. Mtu mwenye akili angejiuliza ni simu gani inayokula namna hii. Mimi nilijiuliza mwanamke gani anavaa viatu vya kisigino ndani ya nyumba.

Nikatoka chooni, nikanunua vocha nyingine kibandani, nikarudi chooni.

"Halo," alisema.

"Nimesubiri," nikamwambia. "Yuko wapi?"

"Ndiyo, ndiyo," akajibu kwa Kiingereza kile kile. "Subiri kidogo."

Kwa hiyo anajua Kiingereza na anajua kuchelewesha. Nikamwuliza yeye ni nani pale. Viatu tena, mlango, maji, kikohozi, kisha akacheka. Kicheko kirefu, laini, cha mtu aliyeshiba.

Ndugu msomaji, nimechekwa mara nyingi maishani, na mara nyingi nilistahili. Lakini sijawahi kuchekwa na mtu aliyeshika simu ya mchumba wangu. Nikamwambia maneno ambayo mhariri wa gazeti hili amekataa kuyachapa.

Alipomaliza kucheka akasema nisubiri.

Kuanzia siku hiyo nikamwita Bi Subiri.

*

Jioni nilimsimulia Shangazi. Ninaishi naye. Ameolewa mara tatu na kufiwa mara tatu, kwa hiyo kuhusu wanaume anajiona profesa. Alikuwa amekaa kitandani anakata kucha za miguu.

"Alicheka?" aliuliza.

"Alicheka."

"Alicheka vipi? Cha aibu au cha kukukebehi?"

"Cha kukukebehi."

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Cha kunikebehi mimi, Shangazi."

Akaweka wembe chini. "Mwanangu, mwanamke akikucheka ndani ya simu ya mwanamume wako, ujue amekaa kwenye kochi lake. Na wewe mambo ya makochi unayajua."

Hilo halikuwa la lazima, lakini lilikuwa la kweli.

"Sasa nifanye nini?"

"Pete iko wapi?"

Nikamwonyesha kidole.

"Ivue kabla hawajaja kuidai. Mtu akikuacha ni aibu yako. Ukimwacha wewe, ni habari yake."

Shangazi husema maneno mazuri sana. Matatizo huanza mtu anapoyafuata.

Jumanne kabla ya kwenda kazini nikapita kwa wifi yangu, dada mkubwa wa Mpima Ardhi. Ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake iko barazani, na wakati wote ana futi ya kupimia shingoni na chaki nyuma ya sikio. Tangu mwanzo alinipenda. Yeye ndiye aliyemwambia kaka yake aache kujing'oa meno, aseme anachotaka.

"Wifi, karibu. Mbona mapema?"

"Sikai," nikasema. Njia nzima nilikuwa nimeifanyia mazoezi sauti yangu, na ilitoka kama niliyoikusudia, kavu na yenye heshima. "Nimeleta hii."

Nikaweka pete juu ya rundo la sketi za kijani.

Wifi akaitazama pete. Akanitazama mimi. "Kuna nini?"

"Muulize kaka yako. Jana nimempigia kwenye namba yake ya huko, akapokea mwanamke."

"Namba yake ya wapi?"

"Ya huko aliko, wifi. Usinifiche. Amenibipu mwenyewe. Nimemsikia akikohoa kwa masikio yangu haya."

Mguu wake ulikuwa bado kwenye pedeli ya cherehani. Alitazama mlango wa nyumba yake, akainamisha kichwa. Kisha akaichukua pete, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake.

Mimi nikasema moyoni: ameinamisha kichwa, amekiri. Familia nzima inajua.

Niliondoka kwa mwendo wa maringo. Kwenye kona nikajikwaa, nikakanyaga dimbwi, nikafika kazini kiatu kimoja kinalia chwa, chwa, chwa.

*

Utasema: si umeshaachana naye, yaishe. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimemwacha mtu ambaye hajui kwamba ameachwa. Uchungu wangu wote ulikuwa umebaki kwangu. Na saa nne kamili, simu ikalia mara moja ikakatika.

Salio sikuwa nalo. Lakini mbele yangu, juu ya kaunta, palikuwa na simu ya mezani ya kliniki. Juu yake, ukutani, palikuwa na karatasi: "Simu hii si ya mambo binafsi." Mwandiko ni wangu. Mstari mwekundu chini ya "si" niliupiga mimi.

Nikasubiri wagonjwa wapungue, nikapiga.

"Halo," Bi Subiri alisema.

"Ni mimi tena. Safari hii hata ukicheka hadi kesho, salio haliishi."

"Ndiyo, ndiyo. Subiri kidogo."

Viatu vikagonga. Mlango. Maji. Kikohozi. Nikampigia kelele Mpima Ardhi kwa sauti ya chini, kama mnaelewa ninachosema, maana kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja mwenye shavu lililovimba. "Nakusikia unakohoa! Njoo kwenye simu, mwanamume mzima unajificha nyuma ya sketi!"

Mama mwenye shavu akasogea mwisho wa benchi.

Mchana nikapiga mara mbili. Jumatano asubuhi mara tatu. Kila mara Bi Subiri aliniambia nisubiri, na kila mara nilisubiri, kwa sababu kila mara nilisikia kama mtu anakwenda kuitwa. Umenielewa hapo? Kama angekuwa kimya ningekata. Ni vile viatu. Viatu vilikuwa vinanipa matumaini.

Jumatano hiyo mchana Nesi aliinua simu ya chumba cha eksirei, ambayo iko kwenye laini moja na yangu, akanisikia ninavyobwata. Nesi ni binti mtulivu anayeshika vyombo vya Daktari bila kuongea siku nzima. Akaja kaunta akiwa na glavu bado mikononi.

"Dada, nani huyo?"

Nikamweleza. Sikutarajia kulia ila nililia. Akanifuta machozi kwa pamba ya meno.

"Kesho ukimpigia niite nisikilize," alisema. "Wawili tuna nguvu."

Nilifarijika. Nilidhani nimepata mtu wa kunisaidia kutukana.

*

Alhamisi, saa nne na nusu, Daktari akiwa ndani na mgonjwa wa kuziba jino, bipu ikaingia. Nesi akaenda chumba cha eksirei, akainua simu yake. Mimi nikapiga.

"Halo," Bi Subiri alisema.

Nikaanza. Siku hiyo nilikuwa nimejiandaa, Shangazi alikuwa amenipa vipengele saba. Nilikuwa kwenye kipengele cha pili Bi Subiri aliposema nisubiri. Nikaendelea. Viatu, mlango, maji, kikohozi. Kwenye cha tatu alicheka.

Nesi akatokea mlangoni, amefunika mdomo wa simu kwa kiganja, waya umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Dada," akanong'ona. "Jana alicheka ulipomwita mwizi. Leo amecheka ulipomuuliza anatoka ukoo gani. Lakini amecheka wakati ule ule."

"Wakati gani?"

"Nilikuwa natazama saa ya ukutani jana, na leo nimeitazama. Dakika ya pili kasoro kidogo. Na kikohozi kinafuata maji kila siku. Kata, halafu piga tena. Safari hii usiseme kitu."

"Nisiseme kitu? Atadhani nimemwogopa."

"Dada, piga."

Nikapiga. "Halo," alisema. Nikanyamaza. Ilinigharimu sana kunyamaza, kipengele cha tatu kilikuwa kimenikaa kooni.

"Halo?" Kimya. "Ndiyo, ndiyo," akamjibu mtu ambaye hakusema neno. "Sikusikii vizuri. Subiri kidogo." Viatu. Mlango. Maji. Kikohozi cha mchumba wangu.

"Mwambie bei ya kung'oa jino," Nesi akanong'ona.

"Kung'oa jino la mbele ni bei moja," nikamwambia Bi Subiri kwa sauti yangu ya kazini, "la nyuma ni bei nyingine, na sindano ya ganzi imo humo humo."

Bi Subiri akacheka. Kile kile kicheko kirefu, laini, cha mtu aliyeshiba.

Nilibaki nimeshika simu. Siku tatu. Nilikuwa nimemwuliza ukoo wake. Nilikuwa nimemwambia Mungu anamwona. Jumatano, na hili nalitubu hapa gazetini, nilikuwa nimemwomba, kwa upole kabisa, kwamba kama anampenda kweli basi amtunze kifua, kinamsumbua wakati wa baridi.

Yote hayo nilikuwa namwambia kaseti.

Wala hatukupata muda wa kuliongea. Mlango wa Daktari ulifunguka. Alitoka na barakoa kidevuni, nyuma yake mgonjwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, pamba nne ndani.

"Nani yuko kwenye simu? Nataka kupiga maabara waniletee meno ya bandia ya mgonjwa wangu, kila nikiinua nasikia mwanamke anacheka."

Nikaweka simu chini. Ikalia papo hapo, na kwa mazoea ya miaka kumi na tisa nikaipokea na kusema jina la kliniki. Alikuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Aliomba kuongea na mwenye laini.

Daktari alikuwa na glavu zenye damu, akaniambia niweke spika.

Naomba mfikirie hali ilivyokuwa. Benchi limejaa. Watu wanne, mashavu manne. Na sauti ya kijana mwenye adabu ikajaa chumba kizima.

"Samahani, mzee. Tumezuia kwa muda simu zinazotoka kwenye laini yako kwa sababu ya matumizi yasiyo ya kawaida. Kuna namba ya nje imepigwa mara tisa tangu Jumanne. Mara moja kwa dakika ishirini na sita."

"Kutoka hapa?" Daktari aliuliza.

"Kutoka hapo. Mzee, namba hizo ni za matapeli. Mashine yao inapiga maelfu ya watu, inalia mara moja inakata. Anayepiga kurudisha anatozwa bei kubwa sana kwa dakika, na wao wanapata mgawo wao. Ndiyo maana wanaweka sauti ya kukuchelewesha. Wengine wanaweka mtoto analia. Hiyo yenu nadhani ni ya mwanamke."

"Ya mwanamke," nikasema. Ilinitoka tu.

"Watu wengi huwa wanakata baada ya nusu dakika," kijana akasema, na nilisikia anajikaza. "Hii ya dakika ishirini na sita, ofisini kwetu hatujawahi kuona."

Mama mwenye shavu lililovimba, aliyekuwa amerudi siku hiyo kuangaliwa kidonda, aliniangalia kwa huruma. "Kumbe ndiye yule anayejificha nyuma ya sketi," alisema.

Benchi zima likacheka, waliofungwa midomo wakacheka kwa mabega. Ndani, mgonjwa wa pamba nne alitoa sauti kama ya bomba lililoziba.

Daktari hakucheka. Aliitazama karatasi iliyo ukutani, mstari mwekundu chini ya "si", kisha akanitazama mimi.

"Utailipa kwenye mshahara," alisema. "Na kuanzia leo simu atapokea Nesi. Wewe utaosha vyombo."

Miaka kumi na tisa. Nikavaa aproni ya Nesi, haikunifunga nyuma.

Kabla kijana hajakata, Nesi, ambaye sasa ndiye alikuwa mpokezi na tayari alikuwa na akili kuliko aliyemtangulia, alimwuliza: "Sasa mtu atajuaje? Kama ana ndugu yuko nje kweli?"

"Ni rahisi, dada. Namba ya nje usiyoijua ikilia mara moja, usirudishe. Iache. Anayekutafuta kweli atapiga tena, au ataandika ujumbe. Mtu hawezi kukutafuta kwa mlio mmoja akanyamaza."

Kila mtu aliendelea na shughuli yake. Mimi nikaenda kwenye sinki, nikafungua maji ya moto juu ya vioo vidogo vya kuangalizia meno.

Anayekutafuta kweli atapiga tena, au ataandika.

Siku tatu nilikuwa na hasira na mwanamume anayenibipu. Sasa nikajua hajanibipu. Kwa wiki tisa Mpima Ardhi hakupiga hata mara moja, hakuandika hata neno. Kaseti ilikuwa imenitafuta kuliko yeye.

Sitasema nililia. Nitasema vile vioo siku hiyo vilioshwa mara mbili.

*

Shangazi alipopata habari aliuweka tena wembe chini.

"Na kikohozi?" aliuliza.

"Kaseti."

"Mimi ningekigundua."

"Shangazi, ni wewe uliyeniambia nivue pete."

"Nilikuambia uivue. Sikukuambia uipeleke mbio kama moto." Akavuta shuka. "Nenda kwa wifi yako ukaombe radhi. Na usiende na mdomo wako wote, acha nusu hapa nyumbani."

Ushauri huo, kwa mara ya kwanza, ulikuwa mzuri.

Jumamosi alasiri nilikwenda. Wifi alikuwa barazani, anapiga pindo la sketi. Aliponiona alisimama haraka mno, akaenda kuuvuta mlango wa nyumba ukafungika. Nikadhani hataki niingie. Nilistahili.

"Wifi," nilisema, "nimekuja kujinyea mbele yako, unisamehe."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lakini nusu ya mdomo niliyokuja nayo ndiyo iliyobeba ujinga. Nikamweleza yote. Bipu, Bi Subiri, vipengele saba, bei ya kung'oa jino, dakika ishirini na sita. Nilipofika kwenye kijana wa kampuni ya simu, wifi alikuwa ameegemea cherehani, mabega yanatikisika. Kucheka kwake kukanipa nguvu nikaongeza chumvi kidogo.

Kisha nikaona hacheki tena. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya sketi ya kijani, na chaki imemwanguka sikioni.

"Wifi, usilie. Aliyetapeliwa ni mimi."

"Nilidhani umejua," alisema. "Ulivyosema umempigia, umemsikia anakohoa, nilidhani umejua unatafuta njia ya kuondoka kwa heshima. Sikukulaumu. Nikasema, nani angekaa."

"Nimejua nini?"

Akajifuta kwa futi ya kupimia.

"Basi nirudishie pete," nikasema. "Atakaporudi tutaongea wenyewe. Kama hanitaki ataniambia usoni."

"Sina."

"Umeiuza?"

"Sina, wifi. Nilimpa mwenyewe, Jumanne ile ile."

Nilianza kuhesabu. Posta haifiki ng'ambo siku moja. Labda kuna mtu alikuwa anasafiri. Naam, hata hapo nilikuwa bado namtafutia usafiri, ndivyo nilivyoumbwa.

"Ulimpaje?" nikauliza. "Yuko ng'ambo."

Wifi aliutazama mlango wa nyumba yake kama alivyoutazama Jumanne. Safari hii nami nikautazama.

Ulikuwa unafunguka, taratibu, kama unasukumwa na mtu asiyejua ukubwa wake.

Alitoka Mpima Ardhi.

Alikuwa amekonda. Shati lilifungwa kifungo kimoja juu zaidi ya tundu lake. Mkono wa kushoto ulishika fremu ya mlango, wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, vidole vimetanuka. Kwenye kidole kidogo alikuwa amevaa pete yangu, imeishia kwenye kifundo cha kwanza.

Tulikuwa tumeachana hatua tatu. Jua la alasiri lilinipiga usoni, hakuna mtu ambaye asingeniona. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, meusi, yale yale. Yakapita juu yangu bila kusimama, yakaenda kwenye ukuta.

"Dada," alisema, "unaongea na nani?"

Wifi aliweka kidole mdomoni, akinikazia macho. Sijawahi kuombwa jambo kwa nguvu namna ile.

"Mteja," alimjibu kaka yake. "Amekuja kupimwa gauni."

Mpima Ardhi akatabasamu, tabasamu lile lile la mtu anayerudi kliniki bila jino kumuuma. Aliligeuzia upande niliokuwapo. Si pale hasa. Kushoto kidogo.

"Karibu, mama," akaniambia.

Wifi akatikisa kichwa: usijibu. Na mimi mdomo ulikuwa tayari umefunguka.